Kadi Ifungwe Ili Mwenyewe Aje? Mjadala Kutoka Ukanda wa Dhahabu

Kufunga kadi ya benki ili mteja ajitokeze ni hatua inayochukuliwa bila mteja kutuhumiwa kosa lolote. Salio lake lipo, namba yake ya siri ni sahihi, hakuna amri ya mahakama wala deni la kodi. Kinachotakiwa ni afike tawini alete namba ya kitambulisho cha taifa, abadilishe namba ya simu, aeleze anaishi wapi siku hizi na kipato chake kinatoka wapi. Akitumiwa ujumbe asijibu, siku moja mashine inaikataa kadi yake, na hapo ndipo anapoitafuta benki. Zuio la aina hii si lile la wizi, pale kadi inapofungwa papo hapo kwa sababu kuna mtu anajaribu kuchota fedha akiwa nchi ya mbali. Kuhusu hilo la pili watu hawabishani sana. Ubishi upo kwenye zuio linalotumika kama wito.

Ubishi huo una uzito wa pekee katika ukanda unaoanzia Shinyanga na Kahama, ukapita Msalala, Nyang'hwale na Mbogwe, hadi Geita na Chato. Wafanyakazi wa migodi mikubwa, Geita na Bulyanhulu, hulipwa kupitia benki, na benki ikiwahitaji inawapata kwa mwajiri. Walio wengi si hao. Kuna wachimbaji wadogo wanaohama kutoka duara moja, yaani shimo la kuchimbia, hadi jingine. Kuna wakulima wa pamba ambao akaunti zao hulala mwaka mzima na kuamka msimu unapofunguliwa. Kuna walimu wastaafu, na kuna wauza chakula na mitumba wanaoifuata rashi, yaani mkurupuko wa watu kwenye dhahabu mpya, popote inapoibuka. Hoja za pande zote zimepangwa hapa kwa sauti nne: afisa wa benki, mchimbaji, mama mmoja wakala, na mwalimu mstaafu. Ni sauti za hoja, si za watu fulani.

Afisa anaanza na sheria. Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya 2006 inaibana benki imtambue mteja wake, na kumtambua hakuishii siku ya kufungua akaunti. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ya kikosi kazi cha kimataifa kinachofuatilia fedha haramu, na haikuondolewa hadi Juni 2025. "Kwa miaka hiyo yote," anasema afisa, "kila mkaguzi alikuwa na swali moja: hawa wateja mnawajua? Mtu aliyejaza fomu 2009 kwa barua ya mtendaji wa kijiji, leo unamjua kwa kitu gani?" Anaongeza kwamba Shinyanga haihitaji kufundishwa hatari ya majina yasiyo na watu. Aprili 2016 Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa mkuu wa mkoa huo, Anne Kilango Malecela, aliyekuwa amesema mkoa hauna mtumishi hewa hata mmoja. Uhakiki ulikuwa umekwisha kuwapata 45. Mishahara ya watumishi hao hewa ilipita benki, kwenye akaunti zilizoonekana halali kabisa.

Lakini hoja yake yenye nguvu zaidi haitoki kwenye sheria. Inatoka kwenye simu.

"Tunampigia, namba haipatikani," anasema. "Tunatuma ujumbe, unapokelewa na mtu mwingine aliyeinunua laini ile baada ya mwenyewe kuiacha. Tungeandika barua, lakini anwani aliyojaza ni 'Nyarugusu', basi. Kitu pekee kinachotuunganisha naye ni hiyo kadi iliyo mfukoni mwake."

Hapa afisa amegusa jambo la kweli. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudi kwa kampuni ya simu na kuuzwa upya. Mchimbaji aliyeiacha laini Rwamgasa akanunua nyingine Mwakitolyo hafikirii kwamba ile ya zamani bado imeandikwa kwenye akaunti yake. Taarifa za salio lake, na hata namba za uthibitisho ambazo benki hutuma kabla ya kuruhusu muamala, zinakwenda kwa mgeni. Ni mteja mwenyewe anayekuwa hatarini kwanza, kabla ya benki. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayezitunza taarifa za watu ahakikishe ni sahihi. Kwa hiyo benki inayotaka namba mpya ya simu haifanyi urasimu wa bure.

Mchimbaji hakatai hayo. Anachokataa ni hitimisho. "Bosi, umesema kadi ndiyo kamba ya mwisho iliyobaki kati yetu. Kamba ya mwisho unaivuta au unaikata?" Kisha anaieleza siku yake. Ndani ya duara hakuna mtandao, kwa hiyo ujumbe wa asubuhi anaukuta usiku, umefunikwa na matangazo ya bahati nasibu na mikopo. Kadi ikikataa, tawi liko Geita mjini au Kahama. Atapanda bodaboda hadi barabara kuu, kisha gari, kisha foleni. Akiambiwa alichobeba hakitoshi, atalala mjini kwa fedha ambayo hana, maana fedha yake ndiyo iliyofungwa. Na siku aliyoondoka inaweza kuwa ndiyo siku mawe yanapogawanywa. Anayekosekana kwenye mgao hana wa kumtetea. Mifuko yake itahesabiwa na wengine.

Muda wa notisi nao una matatizo yake. Siku 30 huonekana nyingi kwa mtu wa ofisini. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa katika mgodi wa Nyangalata, Kahama, na walionusurika walitolewa baada ya siku 41. Huo ni mfano uliokithiri, lakini si lazima kuwe na kifusi ili mtu wa machimboni apotee hewani kwa mwezi. Inatosha simu kuharibika, au rashi mpya kumpeleka porini mbali na mnara.

Kuna hoja nyingine ya mchimbaji ambayo mabenki huipima kidogo mno. Mchimbaji ana mahali pengine pa kuweka akiba yake, nayo ni dhahabu yenyewe. Gramu chache zilizofungwa kwenye karatasi haziombi namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na broka anazinunua hata usiku wa Jumapili. Serikali ilifanya kazi kubwa kuwatoa watu huko. Februari 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na Machi mwaka huo soko la madini la Geita lilifunguliwa, ili dhahabu iuzwe mahali pa wazi, bei ijulikane na malipo yaandikwe. Mteja aliyeshawishiwa kwa njia hiyo hadi akafungua akaunti, kisha akakuta kadi imekataa siku ya kununua dawa, harudi kuwa mteja wa kawaida. Anatoa kila kitu siku ileile ya kwanza kadi inapofunguliwa, na kuanzia hapo akaunti yake inabaki na shilingi za kuhesabika. Benki imepata namba ya simu, imepoteza amana. Kwa hesabu za kibiashara tu, bila huruma yoyote, ni biashara mbaya.

Suala la nani mwenye fedha lina jibu linalowashangaza wengi. Mteja husema "fedha yangu". Sheria ya Kiingereza, ambayo misingi yake ilirithiwa Afrika Mashariki, iliamua tangu kesi ya Foley dhidi ya Hill ya 1848 kwamba fedha iliyowekwa benki inakuwa ya benki, na mteja anabaki mdai. Wapo wanaodhani jambo hilo linaipa benki nguvu. Linaipa wajibu. Mdaiwa anapaswa kulipa mdai anapodai, na kufunga kadi ni mdaiwa kumwekea mdai wake masharti mapya mlangoni. Afisa atajibu kwamba masharti si mapya: mteja alisaini fomu inayosema atatoa taarifa zake zikibadilika. Ni kweli alisaini. Namna alivyosaini, kwa herufi ndogo, huku foleni ikimsukuma mgongoni, kila aliyewahi kufungua akaunti anaijua. Kanuni za Benki Kuu za 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinataka taarifa za wazi na utaratibu wa kusikiliza malalamiko, na ni vigumu kuita wazi taarifa ambayo mteja anaipata kutoka kwa mashine inayomrudishia kadi bila maelezo.

Nchi imewahi kulijaribu jambo hili la kumwita mtu kwa kumzimia huduma, tena kwa kiwango kikubwa kuliko benki yoyote. Mei 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ukitegemea namba ya kitambulisho cha taifa. Mwisho ulipangwa kuwa Desemba 31. Foleni za NIDA zilikuwa ndefu, na siku chache kabla ya mwisho huo Rais Magufuli, akiwa Chato, mkoani Geita, aliongeza siku 20. Kuanzia Januari 20, 2020 Mamlaka ya Mawasiliano ilianza kuzima laini ambazo hazijasajiliwa. Kwa kuwa laini ndiyo pochi ya mtu wa kawaida, aliyezimiwa simu alifungiwa na fedha yake pia.

Afisa anaitumia historia hiyo kama ushahidi wake. "Matangazo ya redio yalipigwa miezi minane na watu walikaa. Tarehe ilipokaribia ndipo walipotoka. Mtanzania humwiti kwa barua. Unamwita kwa kuzima."

Mama wakala anaikumbuka historia ileile kwa namna nyingine. "Mwanangu, watu hawakusajili kwa sababu ya kuzimiwa tu. Walisajili kwa sababu vijana walikuja na mashine za vidole wakakaa chini ya miavuli sokoni, kwenye minada, mpaka machimboni. Waliochelewa ni wale ambao hawakuwa na namba ya NIDA, na hiyo haikuwa mikononi mwao. Sasa benki inataka kuzima, lakini mwavuli wake uko wapi?"

Swali lake linaingia kwenye kiini. Usajili wa 2019 ulikuwa na adhabu, lakini pia ulikuwa na mlango uliosogezwa karibu na mtu. Benki inayofunga kadi huku ikimtaka mteja afike tawini imechukua nusu ya mfano, ile nusu isiyoigharimu. Tangu Benki Kuu ilipotoa miongozo ya uwakala 2013, mawakala wa benki wameenea hadi kwenye vituo vya machimbo. Mama huyu anapokea amana, anatoa fedha, anamjua kila mwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe, na kila mpika chapati. Kumwambia mteja kwamba kwa wakala anaweza kuacha milioni lakini hawezi kuacha namba yake mpya ya simu ni jambo gumu kulitetea.

Afisa anatetea hata hivyo, na hoja yake si nyepesi. Katika usajili wa laini walijitokeza mawakala waliomwambia mteja aweke kidole mara ya pili eti hakikusoma, kumbe wanasajili laini nyingine kwa jina lake. Ndiyo maana wananchi walihimizwa kupiga *106# waone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Kwenye benki hatari ni kubwa zaidi: anayeweza kubadilisha namba ya simu ya akaunti ameshika ufunguo wa akaunti. "Mama yangu, wewe nakuamini," anasema, "lakini kijana unayemwachia kibanda ukienda msibani simjui."

Nchi nyingine zimetoa majibu yanayotofautiana. Nigeria ilichagua ukali: Benki Kuu yake iliagiza kwamba kuanzia 2024 akaunti zisizounganishwa na namba ya utambulisho ya benki au ya taifa zisiruhusiwe kutoa fedha. India, iliyokuwa na rundo la akaunti vijijini ambazo taarifa zake zimepitwa na wakati, ilirekebisha maelekezo yake Juni 2025. Benki za huko zinatakiwa kutoa taarifa tatu kabla ya tarehe, mojawapo ikiwa barua, na vikumbusho vingine baada yake. Mteja mwenye hatari ndogo anaendelea kufanya miamala wakati akisubiriwa. Na mawakala wameruhusiwa kupokea taarifa mpya. Ukanda wa dhahabu unafanana zaidi na vijiji vya India kuliko na Lagos: umbali, mawakala wengi, na wateja wenye salio dogo ambao hatari yao kwa utakasishaji wa fedha ni ndogo mno. Mfanyabiashara anayepitisha mamia ya mamilioni kwa mwezi ni habari nyingine, na huyo hakosi usafiri wa kufika tawini.

Mwalimu mstaafu wa Ushetu anaingia hapa, kwa sababu yeye analijua zuio kutoka upande mwingine. Mifuko ya pensheni huwataka wastaafu wahakikiwe kwamba wangali hai, na asiyehakikiwa husitishiwa malipo.

"Shikamoo, mwalimu," afisa anamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sipingi kuhakikiwa. Nimefundisha miaka mingi, najua kuita majina darasani. Ila mfuko ukisitisha, unasitisha fedha ijayo. Wewe ukifunga kadi, unafunga fedha niliyokwisha pewa. Hayo si mamoja."

Tofauti hiyo haisemwi mara nyingi, na inastahili kusemwa. Mfuko unazuia malipo ambayo huenda hayastahili kutolewa, maana marehemu hana pensheni. Benki inazuia deni ambalo haina shaka kwamba inadaiwa.

Mchimbaji analeta pendekezo ambalo ni rahisi kuliko yote. "Mashine ina kioo. Nikiingiza kadi, kioo kiniandikie kwa Kiswahili: namba yako ya simu imepitwa na wakati, fika tawini au kwa wakala kabla ya tarehe fulani. Kisha kinipe fedha yangu. Na risiti ya wakala iandike hivyohivyo. Mnasema hamnipati, mbona kila nikitoa fedha nasimama mbele yenu?"

"Atabonyeza endelea, atachukua fedha, ataondoka," anajibu afisa. "Tumeona."

Huenda wote wawili wana haki. Kioo hakiwezi kumlazimisha mtu asome. Lakini kioo kinafanya jambo ambalo ujumbe wa simu hauwezi: kinahakikisha kwamba taarifa imemfikia mwenye kadi na si mgeni aliyenunua laini yake. Benki iliyoonyesha ujumbe huo mara kadhaa ina haki ya kuchukua hatua ambayo benki iliyotuma ujumbe kwa namba iliyokufa haina. Na hatua yenyewe haina ulazima wa kuwa ya kufunga kila kitu. Hatari ya namba ya simu iliyopitwa na wakati iko hasa kwenye manunuzi ya mtandaoni na uhamishaji wa fedha kwa simu, mahali ambapo namba ya uthibitisho hutumwa. Hayo yanaweza kusimamishwa huku mteja akiruhusiwa kutoa taslimu kwa namba yake ya siri, kwa kiwango cha siku kinachotosha chakula, nauli na matibabu. Kiwango kinaweza kupungua kadiri ukimya unavyoendelea. Mteja ataona kuna jambo, na atakuja akiwa na nauli mfukoni.

Afisa analikubali hilo kwa shingo upande. Mifumo ya benki, anasema, hujua kufunga na kufungua, haikuundwa kwa hatua za katikati. Hilo ni tatizo la mafundi, na halina sababu ya kuhamishiwa kwa mtu wa Nyang'hwale.

Kuhusu siku na saa hakuna wa kubishana sana. Kadi inayofungwa Ijumaa jioni imemfungia mteja hadi Jumatatu bila faida yoyote kwa benki, na kadi za wakulima zinazofungwa Mei, pamba inapoanza kununuliwa, zitaleta foleni ambayo tawi lenyewe halitaiweza.

Linalobaki gumu ni suala la waliokufa, na hapo afisa anapata nguvu upya. Machimboni vifo vipo, na kadi haifi na mwenyewe. Namba ya siri inajulikana na rafiki aliyelala naye kambini, au na mke mmoja kati ya wawili. Fedha inatolewa kidogo kidogo, miamala inaonekana ya kawaida, na kwa benki akaunti iko hai. Watoto walioko Bariadi hawajui kitu. Kioo cha mashine hakisaidii, kwa sababu anayekisoma si mwenye akaunti na hana nia ya kuja. Kiwango kidogo cha kila siku hakisaidii pia. Kinamlisha asiyehusika polepole. "Huyu," anasema afisa, "nitampata vipi bila kufunga?"

Mama wakala anajibu kwamba fedha hiyohiyo ndiyo iliyonunua sanda na kulipa gari la kumrudisha marehemu kwao, na kwamba familia ikisubiri mahakama ya mwanzo imteue msimamizi wa mirathi, maiti haitasubiri. Mwalimu mstaafu hakubaliani naye. Sanda hununuliwa kwa michango ya msiba, anasema, na kadi ya marehemu ikishaanza kutumika kwa jambo jema haijui pa kusimama. Amewaona yatima waliokwenda mahakamani na kukuta salio la sifuri. Kwa akaunti ambazo mwenyewe hajaonekana ana kwa ana kwa miaka mingi, huku namba yake ya simu ikiwa imekufa na wito wa kwenye mashine ukipuuzwa mara zote, mwalimu anaungana na afisa: zifungwe kabisa, hadi aje mwenye kidole au mwenye barua ya mahakama. Mchimbaji anakubali, kwa sharti kwamba mwenye kidole akitokea afunguliwe siku hiyohiyo, na kwamba kidole kipokelewe hata Mwakitolyo.